Familia Haiwezi Kuning'inia kwenye Viza ya Mwajiri

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wenye kazi nzuri katika nchi za Ghuba, yaani wahasibu wa Dubai, wauguzi wa Abu Dhabi, walimu wa Doha, mafundi wa ndege na mameneja wa hoteli, kuna rai moja iliyokwisha kuota mizizi. Inasema kwamba mtu akishapata mkataba wenye viza ya familia na mshahara usiokatwa kodi ya mapato, atulie achume. Kuhamia Canada au Australia ni kujitafutia makato, baridi na kubeba maboksi. Kurudi nyumbani mapema ni kuikimbia riziki. Watoto wasome kwanza, akiba ijae kwanza, na siku ikifika mtu atajua pa kwenda, kwani mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maneno haya husemwa baada ya swala na baada ya misa, husemwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani, na wanaoyasema ni wazazi wenye akili timamu wanaowapenda watoto wao. Hata hivyo nayapinga. Yanapima jambo la familia kwa kipimo cha kijana asiye na mke wala mtoto, na yanachukulia kwamba kungoja hakuna gharama, ilhali hakuna kitu kinachoigharimu familia ya mkataba kuliko kungoja.

Ieleweke mapema ninamsemea nani. Wengi wa watu wetu walioko Ghuba ni wafanyakazi wa ndani, walinzi, madereva na wasafishaji, na wao hawana nafasi ya uamuzi huu. Katika Falme za Kiarabu, anayetaka kumdhamini mke na watoto sharti awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Walio chini ya hapo huishi mbali na watoto wao kwa lazima, na machungu yao yanastahili makala ya peke yake. Hapa namsemea aliyevuka kiwango hicho, ambaye watoto wake wanavaa sare ya shule ya Sharjah au Doha na wanaliita jiji hilo kwetu.

Tuanze na namna mambo yalivyojengwa. Mgeni wa Ghuba hukaa kwa sababu ana mdhamini, na kwa mfanyakazi mdhamini ni mwajiri. Mke na watoto hukaa kwa sababu ya mfanyakazi huyo. Kwa hiyo watu watano wanaweza kuwa wameshikiliwa na karatasi moja ya ajira, na karatasi hiyo iko mikononi mwa kampuni ambayo mwaka wowote inaweza kupunguza watu. Ikitokea, kazi zinazofuata hujulikana na kila aliyeziona: viza za watoto na mke hushughulikiwa kwanza, kwa kuwa ya baba haifutwi huku wao wakiwa bado wanamtegemea, benki ikiona mshahara wa mwisho umeingia huweza kuzuia akaunti yenye mkopo, hundi za pango zilizoandikwa tarehe za mbele bado ziko kwa mwenye nyumba, shule haitoi cheti cha uhamisho mpaka ada iliyobaki ilipwe. Zamani muda wa kufanya yote hayo ulikuwa siku 30. Mageuzi ya mwaka 2022 yaliuongeza, na kwa makundi mengi sasa ni siku 60, wengine hadi 180. Kuanzia 2023 kuna pia bima ya kupoteza kazi inayolipa asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa miezi isiyozidi mitatu. Ni nafuu ya kweli na sina sababu ya kuibeza. Lakini nafuu hiyo ni ya kumsaidia mtu kupata kazi nyingine au kuondoka vizuri. Haimpi haki ya kubaki.

Hata bila kufukuzwa kazi, mwenye nchi anaweza kubadili masharti, na hilo ni haki yake kwa kuwa nchi ni yake. Julai 2017 Saudi Arabia ilianza kutoza riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni, kiwango kikapanda kwa riyali 100 kila mwaka mpaka kufika 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto watatu alijikuta anadaiwa riyali 19,200 kwa mwaka kwa sababu tu anaishi na familia yake. Mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani ikapanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Familia nyingi za wageni zilirudishwa makwao katika miaka hiyo, watoto wakakatishwa masomo, na wazazi waliokuwa wamepiga hesabu ya miaka kumi wakapewa miaka mitatu. Qatar nayo ilitunga sheria ya ukaazi wa kudumu mwaka 2018, ikaweka kikomo cha vibali 100 kwa mwaka katika nchi ambayo wengi mno wa wakazi wake ni wageni. Uraia ndio usiseme: mtoto aliyezaliwa Dubai kwa wazazi wa Mombasa au Moshi ni mgeni siku ya kuzaliwa, na akitimiza miaka 30 palepale bado ni mgeni.

Hapa mtu atanitajia Oman. Atasema mbona Muscat imejaa Waswahili, wana nyumba na pasipoti, na Kiswahili kinasikika mitaani? Ni kweli, lakini tusichanganye mambo. Waliopokelewa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 walipokelewa kama Waomani wanaorudi, kwa nasaba zao na makabila yao. Mlango ule ulikuwa wa damu. Mhasibu kutoka Arusha aliyeajiriwa Muscat leo hana mlango huo, na mpango wa kuwaweka Waomani katika ajira unamaanisha kwamba nafasi yake inahesabiwa miongoni mwa zile zinazotakiwa kurudi kwa wenyeji.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo watetezi wa kungoja wanapojiona wana nguvu. Wanalinganisha mshahara mkavu wa Dubai na mshahara uliokatwa wa Toronto, kisha wanafunga mjadala. Hesabu hiyo inaacha nusu ya daftari. Mchukue mfanyakazi wa Falme za Kiarabu anayepokea dirhamu 20,000 kwa mwezi, nusu yake ikiwa mshahara wa msingi na nusu posho, kama mikataba mingi inavyogawanywa. Kiinua mgongo chake huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Akimaliza miaka 10 atapata siku 255, yaani dirhamu 85,000. Kwa mapato aliyozoea, hiyo ni miezi minne na siku chache. Pensheni ya serikali ni ya wenyeji. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 anatoka katika miaka yake yenye nguvu akiwa na miezi minne ya matumizi, pamoja na kile alichojiwekea mwenyewe, na kuweka akiba huku mtu analipia pango la Dubai na ada za shule si jambo jepesi. Watoto wa wageni karibu wote husoma shule za kulipia. Ada huanzia dirhamu elfu chache kwa mwaka, na katika shule za juu hupita 100,000. Mwajiri akilipa ada, vizuri. Lakini posho ya shule ni kati ya vitu vya kwanza kupunguzwa mkataba unapoandikwa upya.

Upande wa pili, kodi ya Canada ni nzito kweli na hakuna haja ya kumficha mtu. Lakini sehemu yake humrudia mwenye watoto. Shule ya umma hailipiwi. Posho ya watoto, kwa mwaka wa malipo ulioanza Julai 2024, ilifika dola 7,787 za Canada kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, ikipungua kadiri kipato cha wazazi kinavyopanda. Mtoto akifika chuo kikuu akiwa mkaazi wa kudumu hulipa ada ya wenyeji, huku mwenzake anayetoka Dubai kwa viza ya mwanafunzi akilipa mara kadhaa zaidi. Mzazi anayejisifu kwamba ameokoa kodi kwa miaka 15 anaweza kuzilipa pesa zote hizo kwa miaka minne ya chuo cha mtoto mmoja, na mtoto huyo akimaliza hana hakika ya kubaki alikosomea wala alikokulia.

Hapo ndipo gharama ya kungoja inapoonekana. Mfumo wa Canada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, ulioanza Januari 2015, hutoa alama kwa umri. Mwombaji anayefuatana na mwenzi wake hupata alama 100 akiwa na miaka 20 hadi 29. Akifika 35 anabakiwa na 70. Akifika 40 anazo 45. Akitimiza 45 hana hata moja. Australia nayo haiwaiti kwa viza zake kuu za ujuzi waliotimiza miaka 45. Kwa hiyo yule anayesema "tungoje mtoto wa kwanza amalize kidato cha nne" anauza kila mwaka kitu ambacho hakinunuliki tena, na hakuna cheti wala uzoefu unaofidia vizuri alama za umri zilizokwisha kuanguka. Watoto nao wana saa yao. Canada humhesabu mtoto kuwa mtegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Falme za Kiarabu humruhusu baba kumdhamini mwana asiyeoa hadi miaka 25, na binti asiyeolewa bila kikomo cha umri. Wazazi husikia 25 wakadhani wana nafasi ya kutosha, kumbe nafasi inayofungua nchi nyingine ilifungwa miaka mitatu kabla. Mwana huyo akifika 25 lazima apate mwajiri wake mwenyewe, au apande ndege kwenda nchi ya pasipoti yake, ambayo pengine ameijua kwa likizo za Desemba tu.

Wapo wanaonijibu kwamba milango yenyewe inafungwa. Wananionyesha tangazo la Oktoba 2024 ambapo Canada ilishusha lengo lake la wakaazi wapya wa kudumu, kutoka 500,000 lililokuwa limepangwa kwa mwaka 2025 hadi 395,000, na 380,000 kwa mwaka unaofuata. Wananionyesha Uingereza, ambayo Machi 2024 iliwakataza wafanyakazi wapya wa malezi ya wazee na wagonjwa kwenda na wake, waume au watoto wao. Yote ni kweli. Lakini mlango unaosogezwa haujawahi kuwa hoja ya kukaa kitako. Aliyeomba Canada mwaka 2019 aliikuta njia iliyo wazi kuliko atakayeomba leo, na aliyeshauriwa mwaka huo atulie alishauriwa vibaya. Zaidi ya hayo, sheria hubadilika pia kwa kufungua. Tangu 2023 Canada hutoa mialiko maalumu kwa wenye fani za afya na kwa wanaojua Kifaransa, na wasemaji wa Kiswahili wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wana mtaji ambao sisi wa Dar es Salaam na Nairobi hatuna. Anayenufaika na mabadiliko hayo ni yule ambaye vyeti vyake vimekwisha kutathminiwa, mtihani wa lugha amefanya, na hati za polisi anajua pa kuzitafuta.

Pingamizi la maboksi ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu lina ukweli mwingi. Meneja wa Dubai anaweza kufika Calgary akaanza ghalani kwa zamu ya usiku. Daktari anaweza kukaa miaka kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Wakili wa Kenya ni kama anaanza upya. Sitamwambia mtu kwamba heshima ya kazi ni kitu kidogo, na najua ndoa zilivyotikiswa na kushuka huko. Lakini tofauti kubwa huletwa na maandalizi. Muuguzi anaweza kujiandaa kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, angali anapokea mshahara wa Abu Dhabi. Fundi wa ndege, mhasibu na mtaalamu wa kompyuta wanaweza kuanzisha mchakato wa vyeti vyao mwaka mmoja au miwili kabla ya kusafiri, na akiba ya Ghuba ndiyo inayofaa kuwavusha mwaka wa kwanza. Ghuba ni mahali pazuri mno pa kujiandaa. Ubaya unaanza pale maandalizi yanapoahirishwa mpaka barua ya kusitishwa kazi ifike, kwa kuwa siku 60 hazitoshi hata kukusanya nyaraka. Na kwa yule ambaye taaluma yake haisafiri kabisa, wakili kwa mfano, jibu langu ni kwamba arudi nyumbani, tena arudi angali na jina na nguvu ya kufungua ofisi.

Wengine husema, na hasa watu wa pwani, kwamba Ghuba kuna adhana, chakula hakina shaka, na binti anakua katika stara. Kwa nini umtoe huko umpeleke Edmonton? Mzazi ana haki ya kuliweka jambo hili juu ya mshahara na juu ya pasipoti, na mimi sina la kumfundisha kuhusu dini yake. Ninachomwomba ni aifuate hoja yake mpaka mwisho. Ikiwa anachotaka ni mazingira ya Kiislamu kwa watoto wake, basi Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja zinayo, na juu ya hayo zinampa mtoto haki ya kuishi ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifuta. Hoja ya dini ni hoja nzuri ya kurudi nyumbani. Kuhusu kubaki kwa mkataba mpaka watoto wawe watu wazima wasio na pa kusimama, haisemi chochote.

Kuna na kauli ya kwamba mkataa kwao mtumwa. Hii hurushwa kwa wanaohamia Canada lakini kwa sababu nisiyoielewa haiwagusi waliokaa Dubai miaka 18. Wote wawili wako mbali na kwao. Tena sheria zetu wenyewe hazimlazimishi mhamiaji akatae kwao. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, Uganda na Rwanda pia zinauruhusu. Tanzania haijauruhusu kwa watu wazima, na Hadhi Maalumu inayotajwa kwa wenye asili ya Tanzania si uraia, kwa hiyo Mtanzania ana hesabu ngumu zaidi. Lakini ukaazi wa kudumu si uraia. Mtanzania anaweza kuishi Canada kama mkaazi wa kudumu maisha yake yote, pasipoti yake ya Tanzania ikiwa mfukoni, na watoto wake wakaamua wenyewe wakiwa watu wazima. Uamuzi wa kuuacha uraia ni wa baadaye, na hauhalalishi kuahirisha uamuzi wa leo.

Suluhisho la kati linalopendwa, yaani mama na watoto waende Toronto na baba abaki Dubai atume pesa, silikubali. Linamgharimu mama ulezi wa peke yake katika nchi asiyoijua, na linamgharimu baba haki ileile iliyotafutwa, kwa kuwa mkaazi wa kudumu wa Canada anatakiwa awe nchini humo angalau siku 730 katika kila miaka mitano. Kwa miezi sita, wakati wa kumalizia mkataba, sawa. Likiwa mtindo wa maisha, familia inakuwa imehama bila baba.

Na Viza ya Dhahabu? Ni hatua kubwa, inatoa miaka 10 bila kumtegemea mwajiri mmoja, na anayeipata anapaswa kuichukua. Lakini njia yake ya wataalamu imewekewa kiwango cha mshahara cha dirhamu 30,000 kwa mwezi, na wengi wa wahasibu na wauguzi ninaowasemea hawafiki hapo. Anayefika naye hupewa miaka 10 ya kukaa, ikiisha huhuishwa akiwa bado anatimiza masharti. Mtoto wake harithi kitu.

Kwa hiyo nawasihi wazazi walio chini ya miaka 40, wenye watoto wa shule ya msingi na mkataba ambao bado una uhai: kaeni chini mwaka huu, mume na mke, na vyeti vya kuzaliwa mezani. Andikeni umri wa kila mmoja hapo mtakapotimiza mkataba huu na ule unaofuata. Kisha chagueni kati ya nchi itakayowapa haki ya kubaki na nyumbani ambako haki hiyo mnayo, mpange tarehe, na muanze kukusanya hati. Kama mtoto wenu mkubwa ana miaka 13, mna miaka tisa kabla jina lake halijatoka kwenye ombi la wazazi wake, na alama zenu za umri zinapungua kila mwaka kuanzia mnapofika 30.